Dirisha Lisilokuwemo kwenye Ramani

Nyumba hii imevuliwa nguo mara tatu.
Ya nne, nyundo nimeshika mimi.

Fundi Lubinza habomoi kabla ya kusikiliza.
Anatega sikio ukutani kama mkunga,
anagonga kwa kifundo cha kidole.
"Hapa saruji. Hapa tofali bichi.
Hapa, dada Mbula, ndipo penyewe."
Na penyewe ni udongo wa kichuguu
ulioshindiliwa kwa nyasi na samadi,
unene wa mkono wangu, begani hadi ncha ya vidole.
Saa nane mchana Tabora inakaangwa;
humu ndani ni baridi ya mtungi.

Tunakwangua, tunarudi nyuma.
Samawati ya shangazi Nyamizi,
ya mwaka alioozesha kitindamimba wake.
Chini yake chokaa. Chini ya chokaa, gazeti
lililogandishwa kwa uji:
tangazo la baiskeli, bei imeliwa na mchwa.
Dari inashuka na mavi ya popo,
na boriti tatu ambazo si mti.
Ni reli.
"Zilianguka kutoka behewani," babu alizoea kusema,
wala hatukumuuliza nani alizisukuma.
Ndizo zilizobeba bati la kwanza la Gongoni
paa bapa la udongo lilipochoka na masika.

Aliyejenga ni Kazwala, mpagazi.
Mara saba alishuka pwani na pembe ya ndovu begani,
mara ya saba akarudi na mlango kichwani,
si wa kubeba, wa kukumbuka.
Akamsimulia seremala wa hapa,
mtu wa mninga na mizinga ya nyuki,
ambaye bahari hakuiona hadi anazikwa.
Ndiyo maana mawimbi ya mlango wetu
yamenyooka kama matuta ya viazi,
na samaki wake ana sharubu za kambale.
Mlango huo haubanduki. Nimemwambia Lubinza:
hata ukilia, upake mafuta, uuache ulie.

Jumanne tukasogeza kabati la jikoni.
Nyuma yake tofali, nyuma ya tofali uwazi,
nyuma ya uwazi chumba: hatua tatu kwa nne,
tundu moja la ngumi chini ya dari.
"Ghala la asali," nikasema,
kwa maana hivyo ndivyo nilivyoambiwa.
Lubinza akanusa ukuta. Nami nikanusa.
Mzinga mtupu hunukia miaka na miaka.
Pale palinuka udongo.
Tobo la komeo liko upande wa nje,
lakini ghala lolote hufungwa kwa nje, nikajiambia.
Kisha akaishusha taa.
Kuzunguka chumba chote, kimo cha mtu aliyeketi,
udongo unang'aa kama kibuyu cha zamani.
Migongo, akasema. Mchanga haung'ai wenyewe.

Kaka Shija akapiga simu kutoka Mwanza:
"Wekeni choo hapo. Vigae vyeupe.
Mpangaji hali historia."
Shangazi Nyamizi aliletwa kwa bajaji,
akapitisha kiganja kwenye ule mng'ao
polepole, ukuta hadi ukuta,
akaomba maji ya kunywa.
"Tuliambiwa Kazwala alikuwa na watu wengi," akasema.
"Watu wengi. Na mimi nikajivunia.
Sikuuliza watu gani."

Choo kimekwenda uani.
Kuta zote zimepigwa lipu, isipokuwa mkanda ule,
ambao kila mgeni anadhani fundi aliusahau.
Ukutani mashariki Lubinza alitoboa siku mbili,
na treni ya bara ilipopiga honi asubuhi
jua likaingia, likakaa chini.

Hesabu yake nimeihifadhi, mwandiko wa penseli:
saruji mifuko kumi na minne,
misumari kilo tatu, mafuta ya mlango,
na mwisho kabisa, pembeni:
*dirisha moja. Halikuwemo kwenye ramani.
Hilo msilipe.*